Daftari la vipimo la mama

Nyumbani kwetu Jang'ombe, Unguja, mtu anakuwa wa nyumba siku ile jina lake linapoandikwa kwenye daftari la vipimo.

Daftari lenyewe ni la skuli, la jalada gumu, ambalo mama amelivalisha kipande cha kanga ili lisichakae. Linakaa kwenye mtoto wa meza ya cherehani pamoja na chaki, tepu, kopo la vifungo na ule mkasi mkubwa ambao tangu tuko wadogo ni marufuku kuukatia karatasi. Kila mtu ana ukurasa wake. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa nguo kutoka begani mpaka kifundo cha mguu, vyote kwa inchi, kwa sababu mama alifundishwa kwa inchi na bibi yake, na bibi yake naye alifundishwa hivyo hivyo. Pembeni anaandika mwaka na mwezi: Mfunguo Mosi kwa nguo za Idi ndogo, Mfunguo Tatu kwa nguo za Idi kubwa.

Ukurasa wangu unaanza na bega la inchi 9 na gauni lisilofika inchi 25. Nikiusoma kwenda chini najiona narefuka. Kuna mwaka niliruka inchi tatu kutoka Idi ndogo moja mpaka nyengine, na mama ameandika pembeni kwa penseli: "pindo!" Chini kidogo kunaanza kipimo kipya, kutoka begani mpaka kifuani, ambacho wasichana wadogo hawapimwi. Hakuna aliyenitangazia kuwa nimekua. Niliambiwa tu ninyanyue mikono, tepu ikapita mahali ambapo zamani haikuwa ikipita.

Ukurasa wa marehemu baba uko pale pale. Kanzu ya inchi 58, kifua 42. Halafu 40. Halafu 37. Ni kwenye tepu mama alikoanza kuona kwamba baba anapungua, kabla baba mwenyewe hajakubali kwenda hospitali. Alimwambia akiwa bado amepiga magoti anampima urefu, na pini mdomoni, "Baba Fulani, wewe huli." Baba akasema ni funga tu. Mwaka uliofuata alikubali.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema kushona nyumbani ni kupoteza wakati wakati maduka yamejaa nguo za Dubai, huwa nawajibu kwa urefu. Kwa hesabu ya pesa peke yake wana haki. Siku hizi gauni la mtoto la dukani linaweza kuwa rahisi kuliko kitambaa, uzi, lesi na zipu ukivijumlisha. Lakini nguo ya dukani haikulazimishi umsimamishe mtu mbele yako, umshike bega, umgeuze, umwambie avute pumzi. Kijana wangu ana miaka 15 na kwa kawaida jibu lake kwangu ni "sawa" au "sijui". Ramadhani iliyopita nilipokuwa nampima kanzu, amesimama na mikono kaitandaza, akaniambia pale pale kwamba sauti yake imeanza kuvunjika na hataki tena kusoma kasida mbele za watu madrasa. Alikuwa amelibeba hilo kwa wiki kadhaa. Nilimpima mkono wa kulia, nikampima na wa kushoto ingawa hauna haja ya kupimwa, ili amalize kusema.

Mwezi wa Ramadhani kwetu una kazi zake kwa makumi yake. Kumi la mwanzo ni la kupima na kununua, kwa sababu Mchangani na Darajani bado panapitika na wenye maduka bado wana subira ya kukushushia jora la nne na la tano ulipapase. Kumi la kati ni la kukata na kushona. Kumi la mwisho cherehani inafunikwa, ukumbi unafagiwa nyuzi zote, na jiko linachukua zamu. Mama hapendi kuchanganya. Anasema unga na kitambaa cheupe havikai chumba kimoja, na aliyewahi kukuta alama ya samli kwenye kanzu mpya atamuelewa.

Nguo ya sikukuu ya kwanza ni sare. Tunanunua jora moja, wanawake wote na watoto wa kike wanatoka humo humo, kila mmoja na mshono wake: mama dera, mimi gauni la marinda, watoto vigauni vya mikono ya puto. Wavulana asubuhi wanavaa kanzu kwa ajili ya sala, na jioni shati ambalo mfuko wake umekatwa kwenye kitambaa kile kile. Kuna anayeona sare ni urembo tu. Huyo hajawahi kuwa na watoto wadogo Mnazi Mmoja jioni ya sikukuu. Viwanja vinajaa, watoto wa mji mzima wamepewa vijisenti vya mkono wa Idi, kila mmoja anakimbilia bembea au ubuyu au askrimu, na jua linazama. Unapandisha macho juu ya kile kichuguu cha vichwa na unatafuta rangi yako. Na hiyo ni jioni moja tu, maana sikukuu kwetu Unguja ni siku nne, na watoto wakishamaliza Mnazi Mmoja wanataka na viwanja vya Kariakoo ya hapa hapa.

Katika kukata, mama ana sheria ambayo siku hizi mafundi wengi wameiacha. Anaacha pindo la inchi tatu chini na inchi moja nzima kila ubavu. Kwa nje huoni kitu. Baina ya Idi ndogo na Idi kubwa ni miezi miwili na siku kama kumi tu, kwa hiyo gauni la Idi ndogo linaweza kuvaliwa tena Idi kubwa kama lilivyo. Lakini mwaka wa pili unafumua pindo, unapiga pasi, unashusha, na ule mstari wa zamani unaufunika kwa lesi. Mwaka wa tatu gauni linakwenda kwa mdogo wake na pindo linarudishwa juu. Nina gauni moja la kijani ambalo nililivaa mimi, akalivaa mdogo wangu, akalivaa binti wa shangazi. Ukiligeuza ndani unahesabu mistari ya sindano ya kila mmoja wetu.

Cherehani ni Singer ya mkono. Ilikuwa ya bibi, na bado inashona bafta na kitambaa cha suruali bila kulalamika. Kaka alishataka kumnunulia mama ya umeme. Mama alimshukuru, akamkumbusha Desemba 2009. Wakati ule umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Maji yalikuwa ya kuchota, friji ziligeuzwa makabati, na mafundi wenye mashine za mota walikaa bure. Maulidi yakatukuta gizani. Mama alikaa dirishani tangu asubuhi mpaka Alasiri, mkono mmoja unazungusha gurudumu, mwengine unaongoza kitambaa, akashona kanzu za watoto wa madrasa wa mtaa wetu. Jioni aliwasha makaa akapika mkate wa mayai kama kawaida, maana huo hata siku umeme upo haujui oveni. Mayai na sukari vinapigwa mpaka povu linakuwa zito na mchapo wa kupigia ukiunyanyua linateremka kama utepe, unga unaingizwa taratibu, sufuria inapashwa moto na kupakwa samli kwanza, halafu unafunika na kupalia. Makaa mengi juu, machache chini. Ukigeuza hesabu hiyo unapata mkate mweusi tako, mbichi kichwa.

Kofia tunanunua. Bibi alikuwa akizishona mwenyewe, zile za viua, bafta tabaka mbili na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono, kazi ya miezi. Kwetu ufundi huo umeishia kwake, na linaniuma. Nimebaki na moja aliyoianza, imekamilika nusu, na mchoro wa penseli bado unasomeka kwenye nusu nyengine.

Sasa vileja, biskuti zetu za sikukuu.

Vyakula vya sikukuu viko vingi na kila nyumba ina chake. Asubuhi ya Idi kwetu hapakosi tambi za sukari na zabibu, mkate wa mayai, mkate wa kumimina, na visheti ambavyo watoto wanavipenda kwa ile sukari iliyogandia. Halua tunawaachia wenye masufuria makubwa na mikono ya kukoroga, tunakwenda kununua. Lakini ukitaka kujua nyumba imejiandaa vipi, omba kileja. Ni kitu cha unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki tu, hakina pa kujificha.

Kazi inaanza na mchele wenyewe. Unaroekwa usiku kucha, unachujwa, unatandazwa juu ya kanga ukauke nusu, halafu unatwangwa kwenye kinu au unapelekwa mashineni, na unachekechwa mara mbili. Hapo ndipo pana tabu yake miaka hii. Mwaka wa mwezi unapungukiwa na wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Idi inatembea katika majira yote, na tangu 2023 Idi ndogo imekuwa ikiangukia Aprili na Machi, masika matupu. Mchele hauoni jua. Tumeuanika ukumbini chini ya feni, tumeutandaza juu ya kitanda cha mama, na kila mwenye kupita alikuwa na jukumu la kuugeuza kwa kiganja. Hata ukishapika, masika hayajamalizana na wewe. Vileja vinavuta unyevu hewani, na sahani iliyoachwa wazi jioni, asubuhi imelainika. Vinatiwa kwenye bati lenye kifuniko vikiwa vimepoa kabisa, karatasi baina ya safu na safu, na bati linawekwa juu ya kabati ambako watoto hawafiki.

Dada yangu anaishi Muscat. Kila mwaka alikuwa akipiga simu kumi la mwisho, "Mama, samli kiasi gani?" na mama kila mwaka anamjibu, "Ya kutosha." Kwenye kitambaa mama hakosei hata robo inchi, lakini jikoni hajawahi kupima kitu kwa chombo. Basi nilikaa naye na kikombe. Kila alichotaka kutia nilikidaka kwanza nikakipima, naye akavumilia. Tukapata hivi: unga wa mchele vikombe vinne, samli kikombe kimoja na robo, sukari iliyosagwa kikombe kimoja na robo, mayai matatu madogo ya kienyeji, na iliki iliyotwangwa kijiko cha chai kilichojaa. Samli na sukari zinapigwa kwa mkono mpaka ziwe nyeupe. Mayai yanafuata, moja moja, kisha iliki, na unga mwisho, kidogo kidogo.

Nilimtumia dada. Akapika, vikamkatalia, vikapasuka vipande vipande. Tulipompigia kwa video mama akaelewa mara moja: unga wa pakiti wa huko ni mkavu, wetu umetoka kwenye mchele ulioroekwa na bado una maji yake ndani. Unga mkavu unakunywa samli. Akamwambia, "Mwanangu, wacha kikombe. Chukua unga kiganjani, ubane. Umeshikana?"

"Umeshikana, mama."

"Haya, usukume kwa kidole gumba. Ukivunjika pande mbili safi, umefika. Ukibomoka kama mchanga, ongeza samli. Ukibonyea tu bila kuvunjika, umezidisha."

Dada akaongeza kijiko, akabana, akasukuma, akatuonesha kwenye kamera. Nami nikaandika maneno hayo nyuma ya daftari, chini ya vile vikombe, kwa sababu sasa nadhani hicho ndicho kipimo chenyewe na vikombe ni makadirio.

Kuvifinyanga ni kazi ya watoto, na ndiyo wanayoisubiri mwezi mzima. Unachukua kidonge cha ukubwa wa ndimu ndogo, unakiviringisha baina ya viganja, unakibonyeza kiwe bapa lakini kinene, ukingo ukipasuka kidogo ni uzuri wake. Juu yake kinawekwa kitone cha rangi kwa ncha ya kijiti. Wengi wanatia nyekundu. Sisi tunaloweka nyuzi za zaafarani ambazo dada anatutumia, kwenye maziwa vijiko viwili. Binti yangu mdogo amekabidhiwa kitone tangu ana miaka minne. Ulimi nje, mkono wa kushoto umeshika wa kulia usitetemeke, trei nzima anaimaliza na hakuna hata kimoja kilichokaa pembeni. Moto wake ni mdogo, wa subira. Kileja hakitakiwi kuwa kahawia. Kinatoka kikiwa cheupe karibu kama kilivyoingia, chini tu kimeanza rangi ya mchanga, na usikiguse mpaka kipoe, maana kikiwa moto kinavunjika kwa kukitizama.

Usiku wa kuandama mwezi sahani zinatoka. Kila nyumba inapata sahani yake iliyofunikwa kitambaa, na kila sahani inajulikana ya nani kwa maua yake. Pana jirani yetu mmoja, mama wa Kikristo kutoka Songea, amekaa mtaani kwetu muda mrefu kuliko wapangaji wengi. Sahani yake haijawahi kurudi tupu. Krismasi inapokuja ni yeye anayetuletea, keki yenye ndizi na karanga ndani, na wiki mbili kabla watoto wake wanasimama ukumbini kwetu na mikono wameitandaza, wapimwe nguo za kanisani. Wana kurasa zao daftarini, na pembeni mama ameandika "Desemba".

Mwaka huu umeongezeka ukurasa. Kaka ameoa, na wifi ametoka Muheza, Tanga, ambako babu yake analima iliki huko juu Amani. Alikuja na mfuko wa iliki za kijani, kubwa, ambazo mama alizinusa akanyamaza, kisha akazifungia kwenye kopo lake mwenyewe. Siku ya kupimwa wifi aliona haya. Mama akamwambia asogee, "Njoo mwanangu, mimi nina tepu tu," akampima, na mimi nikaandika: bega 15, kifua 36, urefu 55.

Kuchagua rangi ya sare kwetu kunakwenda kwa zamu, na mgeni wa nyumba anarukishwa mbele. Kwa hiyo ya Mfunguo Tatu ni yake. Amechagua rangi ya chungwa. Shangazi ameshasema waziwazi kwamba chungwa halimpendezi na kwa umri wake angependa kitu cha utulivu. Wifi akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia mama. Mama akasema shangazi atatiwa ukosi wa buluu, na jora likanunuliwa. Tunakata Jumamosi baada ya Adhuhuri, na wifi ameomba afundishwe kuzungusha gurudumu.